Je, ni wezi wa filamu waliomfilisi Georges Méliès?

Swali: Mimi hutengeneza filamu fupi hapa Mwanza. Mara mbili nimekuta kazi zangu zinauzwa mtaani kwenye flashi kabla sijamaliza kuwalipa waigizaji. Rafiki yangu akaniambia nisilie sana, kwa kuwa hata yule Mfaransa aliyetengeneza filamu ya safari ya mwezini zaidi ya miaka mia iliyopita aliibiwa na Wamarekani, akafilisika, akaishia kuuza peremende stesheni. Ni kweli? Alikuwa nani hasa, na aliangukaje?

Jibu: Pole sana kwa hasara, ndugu yangu. Nianze na yaliyo kweli. Mfaransa huyo ni Georges Méliès. Aliibiwa, tena mchana kweupe. Peremende aliuza, na stesheni yenyewe ni Montparnasse, jijini Paris. Ila kati ya wizi ule na kibanda kile ilipita miaka zaidi ya ishirini, na humo katikati ndimo alimofilisikia. Nimefundisha historia ya filamu kwa muda, na kila darasa jipya huja na hadithi hiyohiyo ya rafiki yako. Mimi sikubaliani nayo. Wezi walimuumiza, kilichomwangusha ni namna filamu zilivyoanza kuuzwa, na mkataba mmoja alioutia saini akiwa ameshikwa pabaya.

Alizaliwa Paris tarehe 8 Desemba 1861. Baba yake, Louis, alianza kama fundi viatu wa kuzunguka miji akitafuta kazi, akaishia kumiliki kiwanda cha viatu vya kifahari. Watoto watatu wa kiume, Henri, Gaston na Georges, walitarajiwa kuirithi kazi hiyo. Georges aliingia kiwandani, akajifunza kushona na kurekebisha mashine, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kuchora. Mwaka 1884 familia ikampeleka London akajifunze Kiingereza na biashara. Lugha ikamshinda, basi jioni akawa anakwenda Egyptian Hall, ukumbi wa mazingaombwe, ambako mtu hahitaji lugha ili kushangaa. Aliporudi alikuwa ameshanaswa na mazingaombwe.

Baba alipojitoa katika biashara mwaka 1888, Georges aliwauzia ndugu zake fungu lake la kiwanda, akachanganya fedha hizo na mali ya mkewe, Eugénie, akanunua Théâtre Robert-Houdin, ukumbi mdogo wa mazingaombwe kwenye boulevard des Italiens. Angeweza kuishi na kufa mfanya mazingaombwe mwenye jina zuri, asijulikane nje ya Paris. Tarehe 28 Desemba 1895 alialikwa Grand Café, chumba cha chini, kutazama mashine mpya ya kina Lumière ya kuonyesha picha zinazotembea. Palepale akamwendea mzee Antoine Lumière na faranga 10,000 kwa mashine ile. Akakataliwa. Wakubwa zaidi yake waliofika bei kubwa zaidi nao walikataliwa. Méliès hakuganda hapo. Alikwenda kwa Robert William Paul, fundi wa London, akanunua mashine ya kuonyeshea, akaifungua hadi skrubu ya mwisho, akajitengenezea kamera kutokana na alichokiona ndani. Kamera ile ilipiga kelele kiasi kwamba mwenyewe aliiita mashine ya kusaga kahawa. Kufikia Aprili 1896 ukumbi wake ulikuwa unaonyesha filamu, na kabla ya mwaka kwisha ameshapiga za kwake zipatazo 80.

Hapa niruhusu nikae kidogo, kwa sababu wewe ni mtu wa kamera na utaielewa kazi hii kuliko wengi.

Mwenyewe alisimulia kwamba siku moja alikuwa anapiga picha uwanja wa Opéra, mkanda ukakwama. Akaukwamua baada ya kama dakika moja, akaendelea. Alipoutazama, akaona basi la farasi limegeuka gari la maiti. Huenda ilitokea hivyo, huenda ni hadithi tamu ya mtu wa jukwaani. Ninalolijua ni kwamba waliochunguza mikanda yake iliyobaki wameona alama za mkasi na gundi mahali pa kila mgeuko. Kamera ya kuzungushwa kwa mkono haisimami papo hapo. Inapunguza mwendo, picha zinaharibika. Kwa hiyo alisimamisha, akawaambia waigizaji wabaki kama sanamu, akabadilisha alichotaka, akaendelea, kisha mezani akakata picha zilizoharibika na kuunga penyewe hasa, mwendo kwa mwendo, ili jicho lisishtuke. Tunamwita bwana wa kamera, lakini mimi namwona kwanza kama mhariri, tena katika miaka ambayo kazi hiyo haikuwa na jina.

Kisha kuna kupiga picha juu ya picha. Mwaka 1900 alitengeneza filamu ambayo ndani yake yeye peke yake ni wapiga muziki saba waliokaa safu moja. Aliweka mandhari nyeusi, akajipiga picha amekaa kiti cha kwanza, akaurudisha mkanda nyuma, akajipiga kiti cha pili, akaurudisha tena, mpaka wa saba. Hakukuwa na kioo cha kuangalia alichokipiga. Alihesabu kichwani. Akikosea mara ya saba, zile sita zilizotangulia zimekwenda na maji. Katika nyingine, kichwa chake kinapulizwa kwa mivukuto hadi kinakuwa kama puto kubwa kisha kinapasuka. Siri yake ni kwamba alikaa kwenye kigari kilichovutwa juu ya njia ya mteremko kuelekea kamera, mwili umefunikwa kwa kitambaa cheusi, kichwa tu kinaonekana. Kinasogea, nasi tunadhani kinavimba. Ukiwa na simu na shuka nyeusi unaweza kulijaribu hili leo jioni.

Mwaka 1897 alijenga studio katika eneo la familia huko Montreuil, pembezoni mwa Paris: jengo la kioo kama banda la kuoteshea maua, mita 17 kwa 6, jukwaa lake likiwa na ukubwa sawa na la ukumbi wake wa mjini. Kioo kilikuwa cha lazima kwa sababu taa ya kufaa ilikuwa jua. Mikanda ya wakati huo haikuijua rangi nyekundu, iliigeuza nyeusi, kwa hiyo mapazia, samani, nguo na hata nyuso za waigizaji vilipakwa kijivu cha kila daraja. Michoro alichora yeye. Hadithi aliandika yeye, aliigiza, aliongoza, alisimamia maabara, na jioni alirudi mjini kuendesha ukumbi. Kampuni aliiita Star Film. Iweke akilini picha hiyo ya mtu mmoja na kazi zote, nitairudia.

Sasa mwezi. Le Voyage dans la Lune ilitoka mwaka 1902. Ilikuwa na urefu wa mita 260, na ilimgharimu kama faranga 10,000 na miezi mitatu ya kazi. Wakazi wa mwezini wanaopasuka na kuwa moshi walikuwa wanasarakasi wa Folies Bergère, ukumbi wa burudani wa Paris. Orodha yake ya mauzo iliweka nakala nyeusi-nyeupe faranga 560, na ya rangi 1,000. Rangi hiyo ilipakwa kwa brashi, picha moja baada ya nyingine, katika karakana ya Bi Élisabeth Thuillier iliyojaa wanawake, kila mmoja na rangi yake. Nataja bei hizi kwa sababu ndiyo roho ya jibu langu. Angalia: aliuza nakala. Mnunuzi alilipa, akachukua mkanda, ukawa wake daima kama anavyonunua meza.

Na mkanda ukishakuwa mali ya mnunuzi, nini kitamzuia asiudurufu? Huko Marekani, wakubwa wa filamu walifanya hivyo bila haya: kampuni ya Edison, Lubin wa Philadelphia, Selig wa Chicago. Walipata nakala, wakaidurufu, wakaiuza kwa mamia ya watazamaji kila usiku, na fundi wa Montreuil asipate hata senti. Kwa hiyo rafiki yako kwa hili hakukudanganya.

Lakini Méliès hakukaa akilia. Mwaka 1903 kaka yake Gaston alifungua ofisi New York, na katika orodha ya kwanza ya mauzo akatangaza wazi kwamba waharamia watafuatwa. Walianza kuandikisha filamu kwenye maktaba ya bunge mjini Washington; sheria ya Marekani wakati huo haikuitambua filamu, ilitambua picha za kawaida, basi filamu nzima ilichapwa kwenye karatasi, picha kwa picha, ikapelekwa kama rundo la picha. Ndani ya michoro ya jukwaa Georges alichora nyota, alama ya kampuni, ili mwizi asiweze kuifuta bila kuharibu picha. Na kwa kuwa Gaston alihitaji mkanda asilia wake wa kutolea nakala huko New York, Georges alitengeneza kamera ya lenzi mbili zilizokaa sambamba, inayopiga mikanda miwili kwa mpigo mmoja. Mmoja ulibaki Paris, wa pili ukavuka bahari.

Na biashara ilikwenda. Mwaka 1904 alitoa filamu ndefu zaidi ya ile ya mwezi, ya watu wanaosafiri kwa treni hadi kwenye jua. Mtu aliyefilisiwa na wizi wa 1902 asingethubutu gharama ile. Ndiyo maana nasema tutafute kwingine.

Wateja wake wakubwa hawakuwa wenye kumbi za mijini. Walikuwa wenye mahema, watu waliozunguka na maonyesho kwenye magulio na sikukuu za vijiji kote Ufaransa. Mtu wa aina hiyo ananunua filamu kumi, anazunguka nazo mwaka mzima. Kila kijiji zinakuwa mpya. Kwake kununua kunalipa. Lakini kuanzia 1905 na kuendelea, kumbi za kudumu zilizidi kuongezeka mijini, na ukumbi wa kudumu una watu walewale kila wiki. Hautaki kumiliki filamu, unataka kubadilisha. Charles Pathé, mwenye kampuni kubwa ya filamu ya Ufaransa, aliliona hilo mapema kuliko wote. Alikuwa na viwanda, wafanyakazi kwa maelfu, waongozaji wengi wanaopiga filamu kwa wakati mmoja. Mwaka 1907 akatangaza kwamba hatauza tena, atakodisha.

Februari 1909 watengenezaji wa filamu wa Ulaya walikutana Paris, George Eastman, Mmarekani mwenye kiwanda cha mikanda cha Kodak, akiwamo, na aliyekalia kiti cha mwenyekiti alikuwa Méliès mwenyewe. Mkutano ukaamua kwamba nakala zitakodishwa na kurudishwa baada ya miezi minne. Méliès aliupinga uamuzi huo. Alisema yeye si shirika, ni mtengenezaji huru. Watu hupita haraka hapa. Mimi nakusihi usipite. Kukodisha kulikuwa ni dawa ya uharamia pia, kwa sababu mkanda unaorudi kwa mwenyewe ni mgumu kuibwa kuliko uliouzwa moja kwa moja. Aliyeibiwa kuliko wengi alikataa dawa. Alikuwa na sababu: ukikodisha, fedha inaingia kidogokidogo, na ili uishi lazima uwe na filamu nyingi mtaani kwa wakati mmoja. Hilo kiwanda kinaliweza. Mtu anayehesabu viti saba kichwani mwake haliwezi. Na wenye mahema, wateja wake, kukodi hakukuwafaa hata kidogo, wakaanza kupotea.

Marekani nako mambo yalibana. Edison, yuleyule aliyekuwa akimwibia, alikusanya makampuni makubwa katika shirikisho la hataza, yaani haki za uvumbuzi, na kuyapangia masharti. Star Film iliruhusiwa kuingia, kwa sharti la kutoa futi 1,000 za filamu kila wiki, yaani kama mita 300. Linganisha na mita 260 za mwezini zilizochukua miezi mitatu. Mwaka 1908 alijitahidi akatoa filamu zaidi ya 50. Nimetazama zile zilizobaki na naona uchovu ndani yake. Vichekesho vinarudiwa, mapazia yaleyale. Gaston akaamua kuzalisha mwenyewe, akahamia Texas kisha California kupiga filamu za wachunga ng'ombe, na mwaka 1912 akapanda meli na kundi lake kuzunguka bahari ya Pasifiki na Asia. Mikanda mingi iliharibikia njiani kwa joto na unyevu. Hasara ilikuwa ya kama dola 50,000, na tawi la Marekani likafia hapo.

Sitaki nimtetee kupita kiasi. Ladha ilikuwa imebadilika, naye hakutaka kubadilika. Kamera yake ilikaa palepale, kama mtazamaji mwenye tiketi ya kiti cha katikati, wakati wengine walikuwa wameshatoka nje barabarani, wanasogea karibu na uso wa mwigizaji. Filamu yake ya 1912 kuhusu safari ya ncha ya kaskazini ina jitu la theluji linaloibuka kwenye barafu na kuwatia wasafiri mdomoni. Ni mashine kubwa iliyoendeshwa kwa kamba na winchi, na mimi naipenda kuliko hata ile ya mwezi. Mwaka 1912 haikupata watu.

Fedha za filamu hiyo zilitoka wapi? Kwa Pathé. Mwaka 1911 Méliès alitia saini mkataba: Pathé atampa mtaji na kusambaza filamu, naye ataweka rehani nyumba yake na studio ya Montreuil. Pathé akapata pia haki ya kukata filamu anavyoona. Cinderella ya 1912 ilipomfikia Ferdinand Zecca, mtu wa Pathé, ikapunguzwa karibu nusu. Mtu aliyejua kukata kuliko wote Ulaya alikatiwa filamu yake na mwingine. Ukipewa fedha na msambazaji, ndugu yangu, soma mstari unaosema nani ana haki ya mwisho ya kuhariri, na usome tena unaosema umeweka nini dhamana. Flashi za mtaani zimekuchukulia mauzo ya wiki chache. Mstari wa namna hiyo unachukua nyumba.

Mkataba ukavunjika, na Mei 1913 mkewe Eugénie akafariki. Vita vilipoanza 1914, serikali ilisimamisha ukusanyaji wa madeni, ndiyo maana Pathé hakumtoa Montreuil mara moja. Studio kubwa ikafanywa hospitali ya majeruhi. Jeshi lilichukua zaidi ya nakala 400 za filamu zake, likaziyeyusha kupata madini ya fedha na seluloidi, na seluloidi ile ikatengenezewa visigino vya viatu. Mtoto aliyekimbia kiwanda cha viatu cha baba yake. Kila nikifika hapa darasani hunyamaza kidogo, sina la kuongeza.

Mwaka 1923 yakaja yote pamoja. Ukumbi wa Robert-Houdin ukabomolewa kupisha upanuzi wa boulevard Haussmann, na Pathé akaichukua Montreuil. Méliès hakuwa na mahali pa kuweka mikanda yake asilia, akaichoma moto yote bustanini. Alikuwa na miaka 61.

Yaliyofuata rafiki yako anayajua. Desemba 1925 alimwoa Jehanne d'Alcy, mwigizaji wake wa tangu miaka ya mwanzo, na wakaendesha pamoja kibanda cha vitu vya kuchezea watoto na peremende pale Montparnasse, siku saba kwa wiki. Waandishi wa habari wakamgundua. Tarehe 16 Desemba 1929 kukawa na usiku wa heshima yake katika ukumbi wa Salle Pleyel, kwa filamu chache zilizookotwa zikiwa zimesahauliwa katika jumba moja la shamba. Mwaka 1931 alivishwa nishani ya Légion d'honneur, na aliyemvisha alikuwa Louis Lumière, mtoto wa yule mzee aliyekataa faranga 10,000. Mwaka uliofuata chama cha watu wa filamu kilimpa makazi Orly, karibu na Paris, yeye, mkewe na mjukuu wake Madeleine, ambaye baadaye alitumia maisha yake kutafuta filamu za babu dunia nzima. Alifariki tarehe 21 Januari 1938, akazikwa makaburi ya Père Lachaise, Paris. Maskini, ndiyo, aliyesahauliwa, hapana.

Kati ya filamu zake kama 520, leo zinatazamika zipatazo 200. Zimetoka wapi, ikiwa mwenyewe alizichoma na jeshi likayeyusha? Nyingi zimetoka kwa wanunuzi: nakala zilizobaki kwenye madari ya wenye mahema, nyingine zilizodurufiwa kiharamia. Nakala ya rangi ya safari ya mwezini ilijitokeza Barcelona mwaka 1993, imegandamana kama jiwe, bendera ndani yake imepakwa rangi za Hispania. Ilichukua miaka kuibandua, ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2011. Nyingine zimetoka kwenye marundo ya karatasi yale ya Washington. Na nyingine zimetoka kwenye ile mikanda ya pili iliyovuka bahari kwenda kwa Gaston.

Ipo moja ya 1903, ya shetani anayewatumbukiza watu kwenye chungu cha moto. Mafundi wa Paris walipata nakala iliyotoka kwenye mkanda wa kushoto na nyingine iliyotoka kwenye mkanda wa kulia, wakaziweka sambamba, wakagundua kwamba zile lenzi mbili zilikuwa zimeachana kwa umbali unaokaribia ule wa macho ya binadamu. Ukivaa miwani maalumu, chungu kinasogea mbele, shetani anabaki nyuma yake, na roho za marehemu zinaelea katikati, kati yako na yeye. Méliès hakuwahi kuiona hivyo. Yeye alikuwa anataka tu nakala ya New York.